Ramani ya Nchi Isiyokuwepo

Sehemu ya sita

Siku ile, katika mji mzima wa Guwahati, mjinga alikuwa mmoja tu, na jina lake Prafulla Medhi. Tulimalize hilo mapema, msomaji, tusije tukalaumiana mbele ya safari. Hata yeye mwenyewe alikiri. Alichelewa kukiri, lakini alikiri.

Tulimwacha wapi wiki jana? Nyuma ya meza yake pale Panbazar, mtaa wa wauza vitabu, adhuhuri ya sikukuu ya Bihu, mwaka mpya wa kule. Maduka yote yamefungwa, lake tu liko wazi. Mbele yake kasimama mtu asiyemjua, shati jeupe limenyooshwa pasi hadi mikunjo inakata, kidole kimekandamiza ukurasa wa kwanza wa kitabu. Na mtu huyo ndiyo kwanza ametamka:

"Nchi hii ya kwako, bwana, mimi nimefika."

Sasa fikiri. Kitabu chenyewe kilikuwa *Ufalme wa Mawingu Mekundu*, hadithi ya majoka na wachawi na malkia aliyefungiwa ndani ya mti. Ukurasa ule ulikuwa na ramani ya ufalme wenyewe: mito, ngome, Daraja la Mifupa. Nchi ya kubuni. Mtu akikuambia amefika nchi isiyokuwepo, unamcheka, unampa maji anywe, unamwonyesha kivuli apumzike.

Prafulla hakucheka. Akajikuta amekaa.

"Karibu tambuu," alisema.

Ndivyo walivyo watu wa kule. Mgeni akiingia, hata kama amekuja na kisu, mkono wa mwenyeji hujiendea wenyewe kwenye sahani ya popoo.

Mgeni aliitazama sahani. Hakuigusa. Kukataa tambuu ya mwenyeji, tena siku ya Bihu! Afadhali angemtukana.

"Nimefika," alirudia kwa sauti ya upole, kama muuguzi. "Ila mara ya kwanza nilipotea sana. Baadaye nikagundua. Ufalme wako, mzee, umesimama kwa kichwa."

Akakigeuza kitabu juu chini.

Prafulla akatazama pembeni. Maana ramani ile, ukishaigeuza, haikuwa tena ufalme wa mtu yeyote. Lilikuwa bonde la msitu katika milima ya Wakarbi. Na kila duara dogo lililochorwa pale lilikuwa mti. Na ndani ya kila mti alikuwamo ndege ambaye hawezi kukimbia.

Wewe uliyejiunga nasi leo, vuta kiti, nikupashe kidogo.

Prafulla ana nyumba ndogo ya uchapishaji iitwayo Dimoru, aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Dimoru huchapa vitabu vya namna mbili tu: hadithi za majoka, na vitabu vya ndege, miti na wanyama. Wenzake wa Panbazar humtania kwamba anachapa visivyokuwepo na vinavyokaribia kutokuwepo.

Katika waandishi wake yuko mwanamke mmoja wa Kikarbi, Kache Timungpi, aliyeandika *Mama Ndani ya Mti*, kitabu cha hondohondo. Unamjua hondohondo na mapenzi yake: mke huingia kwenye shimo la mti, wakaliziba kwa matope mpaka ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu, na mume humlisha humo miezi na miezi hadi vifaranga wakue. Mume akiuawa, ndani watu wanakufa njaa kimya kimya. Na ndege hawa hurudi kwenye miti ile ile mwaka hadi mwaka. Aijuaye miti, anawajua walipo, kama mtu ajuaye rafu ya mitungi ya asali.

Kwa hiyo Kache alificha jina la bonde. Ila alimchorea Prafulla ramani kwa mkono wake, apate kuelewa anachokichapa. Akamwambia, "Khura, hii usiichape. Hii ni ya macho yako." Khura ni baba mdogo. Alimwita baba mdogo, na baba mdogo akaapa kwa roho ya kaka yake.

Na kweli, kwenye kitabu cha Kache hakuichapa.

Aliichapa kwenye kitabu cha majoka.

Usinitolee macho mimi! Mwandishi wa majoka alitaka ramani, mchoraji alikuwa amekwenda kwao, mitambo ilikuwa inasubiri, na maonyesho ya vitabu ya majira ya baridi yalikuwa yanagonga mlango. Prafulla aliibandika ramani ya Kache kwenye kioo cha dirisha, akaweka karatasi juu yake, akainakili. Akaipindua kichwa chini. Kijito akakiita Mto wa Machozi. Akajipongeza. Nani atatafuta msitu wa kweli ndani ya hadithi ya majoka?

Na huenda siri ingekaa, kama asingefanya la pili. Kule maonyesho, vitabu havikwenda. Basi akachukua *Mama Ndani ya Mti* akakifunga pamoja na *Ufalme wa Mawingu Mekundu* kwa uzi mwekundu, akaviuza viwili viwili, ukinunua hiki unapata na kile. Kimoja kinasimulia kijito kilichopinda kama mundu, jabali mfano wa nyati aliyelala, na madimbwi matatu yanayofuatana. Kingine kimeyachora yote matatu. Kimoja kinaficha, kingine kinafichua, na mwenye navyo akavifunga ndoa kwa mkono wake mwenyewe.

Turudi dukani.

Uzi mwekundu ule ule, msomaji, mgeni alikuwa ameuviringisha kwenye kidole chake cha shahada. Anaukaza, anaulegeza. Anaukaza.

"Unataka nini?" Prafulla aliuliza.

"Swali moja tu. Wachapishaji si mnapenda wasomaji wanaouliza?"

"Uliza."

"Haya maduara. Kila moja lina nukta katikati, kama jicho. Ila hili kubwa hapa, lenye taji, halina. Hili ni kipofu. Kwa nini?"

"Mapambo."

"Mapambo." Mgeni alitabasamu. "Mzee, masikio yako yamekuwa mekundu."

Prafulla aliyashika masikio yake. Mtu mzima, mvi kichwani, amejishika masikio kama mwanafunzi aliyechelewa shule!

"Mimi sina haraka," mgeni aliendelea. "Mkubwa wangu ndiye mwenye haraka. Yuko huko tangu jana na vijana wa kupanda, na kamba zao. Vifaranga wale wana wanunuzi mbali, wanaosubiri. Sasa, nikirudi na jibu, vijana watapanda mti unaostahili, watashuka, watakwenda zao. Nikirudi mikono mitupu, itabidi wamwulize yule mama."

"Mama gani?"

"Aa, mzee! Umekichapa mwenyewe, hukisomi?" Akafungua kile kitabu cha pili, cha hondohondo, akasoma taratibu. "'Misufi ikishatoa maua, hupanda bondeni peke yangu, na sishuki mpaka mama wa mwisho atoke mtini mwake.' Peke yangu. Nampenda mwandishi asemaye kweli." Akafunga kitabu. "Tena kaandika mbele kidogo kwamba simu hazishiki huko. Hajaacha kitu, dada wa watu."

Nje, mtaa wa pili, ngoma za Bihu zilikuwa zinapigwa. Watu wanacheka. Prafulla akipiga kelele za kuomba msaada, nani angemsikia? Alichoona mbele ya macho yake ni Kache, mwembamba, na miwani yake iliyofungwa kamba, anauliza, "Nani huyo?" kichakani.

Na hapo ndipo alipolisema lile neno.

"Nukta ni mti uliohamwa!"

Mgeni alinyanyua nyusi.

"Ndiyo," Prafulla alisema, maneno yanakimbizana. "Kila chenye nukta ni kitupu. Ndege wamekwisha kuhama. Uliobaki na ndege ni huo mmoja tu, usio na nukta. Wenye taji. Nendeni huko, mwacheni binti wa watu. Hajui lolote. Hana la kuwaambia."

Uzi mwekundu ulikazwa, ukalegezwa.

Kisha mgeni akafanya jambo lililomtisha Prafulla kuliko yote. Alinyoosha mkono, akachukua tambuu kwenye sahani, akaweka popoo, akakunja, akatia mdomoni. Akatafuna huku anamwangalia.

"Haya," alisema. "Sasa ndiyo tumekuwa ndugu. Heri ya Bihu, mzee."

Akatoka. Pikipiki ikanguruma, ikapotea kwenye ngoma. Juu ya sahani, mahali pa tambuu, aliacha uzi mwekundu.

*

"Amekwenda?"

Sauti ilitoka nyuma ya rafu. Minoti, mke wa marehemu kaka yake, mhariri na mwenye nusu ya Dimoru, alijitokeza na sahani ya pitha za ufuta, vitafunio vya mchele alivyoleta kwa sikukuu. Huyu ndiye mwanamke ambaye kalamu yake nyekundu imewaliza waandishi wenye ndevu. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa amepauka.

"Amekwenda, shemeji! Umenisikia? Nimemdanganya barabara!"

"Nimekusikia. Kabla hujafungua mdomo, alikuwa na nini?"

"Alikuwa na… maduara."

"Na sasa?"

Prafulla alifikiri.

"Sasa ana miti," Minoti alimsaidia. "Alikuja anabahatisha. Umemthibitishia, umempa na tambuu juu."

"Angemwumiza Kache!"

"Na sasa hatamwumiza? Umemwekea mlinzi?" Akaweka sahani chini. "Niambie jambo moja, shemeji. Uliniambia ramani ile kaichora mchoraji."

"Mchoraji alikwenda kwao."

"Sikuulizi safari za mchoraji!"

"Ni ya Kache," Prafulla alisema kwa sauti ya chini. "Niliinakili dirishani."

Alitegemea atapigwa. Angalau atatukanwa, shemeji yake ni bingwa, na watani hawakosi maneno. Minoti alichukua simu, akapiga namba ya Kache. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana. Akapiga kituo cha msitu kilicho karibu na bonde; ikaita mpaka wakakata tamaa, kisha ikapokelewa na mzee mmoja ambaye nyuma yake kulisikika filimbi na makofi.

"Wote wamekwenda Bihu, mama. Nimebaki mimi na goti langu bovu."

"Kuna watu wabaya msituni, baba! Wamemfuata Kache Timungpi!"

Makofi yakaendelea upande wa pili. Mzee akapaza sauti.

"Kache wa ndege?" aliuliza. "Nitatuma habari, wa kwanza kupita hapa atazipeleka. Lakini mama, kama mna gari, msinisubiri mimi."

Minoti alikata simu. Akatungua gamosa, kitambaa cha heshima, iliyokuwa imetundikwa ukutani, ile nyeupe yenye pindo jekundu, akamimina ndani yake tambuu na popoo zilizobaki, akaifunga fundo.

"Hiyo ya nini?" Prafulla aliuliza.

"Ya kuombea radhi. Utapiga magoti mbele yake, utamwekea hii miguuni, kama wanavyofanya watu." Alichukua funguo za gari. "Tukimkuta wa kuombwa."

*

Gari la Minoti ni dogo, kuukuu, na mlango wa kushoto hufungwa kwa mkanda wa suruali. Siku ile lilikwenda kama limesikia yaliyosemwa. Mji ukabaki nyuma, yakaja mashamba ya mpunga, kisha milima ikaanza kuinuka mbele yao, ya buluu na kimya.

Prafulla alikuwa ameshika vitabu viwili mapajani. Kila pikipiki iliyotokea mbele, moyo wake ulisimama. Kila pikipiki iliyotokea nyuma, aliteremka kwenye kiti mpaka kichwa kikatoweka.

"Nyanyuka, shemeji," Minoti alisema. "Anayetufuata nyuma ni padri wa watu na kuku wake."

"Uoga si dhambi."

"Si dhambi. Dhambi ni dirisha."

Kwenye kona moja Minoti akakanyaga breki hadi kitabu kikaruka. Barabara ilikuwa imezibwa. Kundi la wacheza Bihu lilikuwa limejaa njia nzima, wasichana na maua ya okidi kwenye nywele, wanaume na ngoma shingoni, wanazunguka, wanaruka. Desturi ni desturi: mtu hapiti mpaka watu wamchezee, awape chochote, wambariki.

"Tuna haraka, jamani!" Minoti alipiga honi. "Tuna mgonjwa!"

"Mgonjwa ndiye anayetaka baraka!" alijibu mpiga ngoma mnene, na watu wakashangilia.

Wakachezewa. Ngoma zilipigwa hadi vioo vya gari vikatetemeka, na Prafulla, machozi yakimlengalenga kwa hofu, alilazimika kutabasamu na kupiga makofi. Wale walidhani analia kwa furaha. Mpiga ngoma aliinama dirishani, jasho linamchuruzika, akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Nyumba yako ijae, uzao wako uongezeke, adui yako apotee njia!"

"Apotee njia," Prafulla aliitikia kwa moyo wote. "Kaka, hajapita hapa mtu wa pikipiki? Shati jeupe?"

"Yule? Kapita zamani! Huyo ndiye mtu, siyo nyie. Kashuka, kacheza na sisi, kanywa na maji." Mpiga ngoma alicheka. "Alikuwa na furaha! Kasema mzee mmoja wa mjini amempa zawadi ya Bihu ambayo hakuitegemea."

Minoti aliondoa gari kabla mkono wa yule mtu haujatoka dirishani.

Minoti alikanyaga mafuta. Lami ikaisha, ukaja udongo mwekundu. Miti ikasogeleana juu ya njia, hewa ikawa ya kijani na ya unyevu. Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili wa mlima, na kwenye mabonde kivuli kilikuwa kimeshaingia.

Njia ya gari ilikomea kwenye mwanzi mkubwa ulioanguka. Na hapo, imeegemezwa kwa adabu kabisa chini ya mti, ilikuwapo pikipiki.

Minoti alishuka, akaweka kiganja kwenye injini, akakitoa upesi.

"Ya moto," alinong'ona.

Kumbe hawakuwa nyuma sana! Mtu yule alikuwa mbele yao mwendo wa wimbo mmoja au miwili. Huenda alikuwa anawasikia.

Mbali juu, kitu kilipita angani kwa kishindo cha mabawa, whuu, whuu, whuu, kama mtu anayepiga msumeno hewani. Prafulla aliruka, akajigonga kwenye mlango wa mkanda. Alikuwa hondohondo dume, mdomo umejaa makuyu, anampelekea mkewe chakula cha jioni. Hajui lolote, maskini.

"Kitabu," Minoti alisema. "Tafuta njia. Wewe ndiye uliyeichora."

Prafulla alikifungua kitabu cha majoka juu ya boneti, akakigeuza kichwa chini. Kijito cha mundu, hiki hapa. Nyati aliyelala, huyu. Madimbwi. Halafu maduara, jicho, jicho, jicho. Halafu lile kubwa lenye taji, katikati kabisa.

Akakodoa.

Akakisogeza kitabu karibu na pua.

Kisha akafanya kitu ambacho Minoti hakukitazamia mahali pale. Alianza kucheka. Cheko la kwikwi, la kujiziba mdomo kwa kiganja, mabega yanaruka.

"Umechanganyikiwa?" Minoti alimshika kola. "Shemeji! Nakuuliza!"

"Hakuna!" Prafulla alisema, machozi yanamtoka. "Shemeji, hakuna mti pale! Hofu ilinisahaulisha. Hili duara la taji si la Kache. Ni langu mimi!"

"Lako vipi?"

"Nililiongeza! Kwenye ramani ya Kache pale katikati palikuwa patupu. Weupe mtupu, ukubwa wa kiganja. Si mti, si kijito, si jabali. Nilipomwonyesha mwandishi wa majoka ramani, akalalamika kwamba ufalme wake hauna moyo. Basi nikachora duara kubwa, nikalivika taji, nikaliita Mti wa Malkia. Ndiyo maana halina nukta, sikujua hata kama nukta zina maana!" Akapiga boneti kwa kofi. "Na mimi leo nimewaambia waache mingine yote waende kwenye huo! Nimewatuma hewani, shemeji. Wapande hewa! Wafunge kamba kwenye hewa!"

Minoti hakucheka.

"Twende," alisema.

"Twende wapi? Tugeuze gari!" Prafulla alimshika mkono. Hofu ilikuwa imemtoka kama homa, na maneno yalikuwa yanabubujika. "Sikiliza, shemeji. Watazunguka pale mpaka kiza kiwakute, hawataona kitu, watakata tamaa. Ndege salama, Kache salama. Kesho nakiondoa kile kitabu madukani kimya kimya, kila nakala, nachoma. Hakuna wa kujua."

"Kache je?"

"Kwa nini ajue? Tukipanda sasa, tutamwambia tumefuata nini? Nitamwambia nimeapa kwa roho ya kaka, kisha nikavunja kwa sababu ya maonyesho? Ataondoka Dimoru. Atawaambia na wenzake. Nani tena ataniletea kitabu cha kiota, cha pango, cha chochote kile? Nyumba ya mumeo itakufa, shemeji! Kwa jambo ambalo limekwisha!"

Na hebu tumtendee haki, msomaji. Kwa mara ya kwanza siku ile, mtu huyu alikuwa anasema mambo yenye kichwa na miguu. Uongo wake ulikuwa umewapeleka wabaya mahali pasipo na kitu. Hata mimi, ningekuwa pale, ningeanza kutafuta funguo za gari.

Minoti alikuwa amekichukua kitabu. Alikuwa anakitazama kama anavyotazama miswada, bila kupepesa, akitafuta pale mwandishi aliporuka sentensi.

"Ramani ya Kache ilikuwa na nini kingine?" aliuliza. "Ile yake, ya mkono."

"Kila kitu. Unamjua alivyo. Kachora magogo yaliyoanguka. Kachora mizinga ya nyuki. Kachora hadi vichuguu, shemeji, kimoja kimoja!"

"Vichuguu."

"Kimoja kimoja."

"Na katikati ya vichuguu vyote hivyo, akaacha kiganja kizima cheupe."

"Labda alichoka."

Kutoka ndani ya msitu, si mbali, mtu alipiga mluzi mfupi. Mluzi mwingine ukamjibu kutoka upande wa juu. Kisha wa tatu. Yote mitatu ilikuwa inasogea kuelekea mahali pamoja.

"Umesikia?" Prafulla alinong'ona, na bado alikuwa na tabasamu usoni, limesahauliwa pale kama nguo kwenye kamba. "Wanakwenda kwenye taji. Si nilikwambia? Wanakwenda patupu. Tugeuze gari, shemeji. Pale hakuna kitu. Niamini mimi, pale hakuna kitu!"

Minoti alivua viatu vyake vya sikukuu, akavitupa ndani ya gari, akachukua lile fundo la gamosa na kulikandamiza kifuani kwa Prafulla. Tangu alipoolewa katika nyumba ile alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake.

"Mwanamke anayelala peke yake msituni, Prafulla, hachori kitanda chake."